Bomba Bubu la Harlow

Kinanda cha mabomba cha ukumbi wa sinema wa Harlow, Ohio, kilicholia kwa hewa iliyopulizwa mabombani, kilikuwa na bomba moja bubu. Verna Stolpe, aliyekitunza na kukipiga, akiifikia sauti ya bomba hilo aliinua kidole tu, na watazamaji wakaiimba wenyewe.

Baridi ilipoingia, Verna alitambaa ndani ya kinanda, akabadilisha ngozi iliyooza iliyokuwa ikivujisha hewa, bomba likapona. Jumamosi akakipiga, akitarajia makofi. Bomba likalia. Watu waliokwisha kuvuta pumzi waiimbe wakabaki vinywa wazi. Verna akaacha kupiga.

Bibi Eunice, wa safu ya mbele tangu ujana wake, akainuka.

"We Verna, nani kakutuma?"

"Nimelitengeneza, bibi. Si lilikuwa bovu?"

"Bovu kwako. Sasa sisi tunakuja kufanya nini hapa?"

Akachukua koti lake. Safu nzima ikamfuata.