Mayai Matatu ya Kibati

Sijasahau asubuhi ile katika kijiji cha Kibati, mwanangu, nilipokaribia kuwafukuza ndege wawili nyumbani kwao kwa panga la kuazima.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Vita vilikuwa vimetutoa katika mji wa Kiwanja, mimi na mama yangu, na Muzee Paluku akatupokea katika parseli yake, ua lenye nyumba yake, ingawa hatukuwa na undugu naye. Alitupa chumba, maharage na blanketi. Nikaona haya kula bure. Kwenda msituni kutafuta kuni kulikuwa hatari siku hizo, basi nikakitazama kichaka kilichokuwa nyuma ya nyumba yake, kando ya mfereji, nikajisemea: leo nitamfurahisha muzee.

Nikaanza kufyeka. Ndege mdogo mwenye kifua cha rangi ya chungwa na mstari mweupe juu ya jicho akawa anaruka mbele ya uso wangu, akipiga kelele. Nikamfukuza kwa mkono. Nilitaka kumaliza kabla muzee hajarudi kutoka misa.

Muzee akanikuta nusu ya kichaka iko chini.

"Binti, unafanya nini?"

"Nakukatia kuni, muzee."

Hakupaza sauti. Alinionyesha kisiki kilichooza katikati ya majani. Ndani ya tundu lake mlikuwa na mayai matatu, yamelazwa juu ya vijizizi laini.

"Wewe na mama yako mulipofika, niliwafungulia mulango. Huyu ndege nimuambie aende wapi?"

"Lakini ana mabawa, muzee. Si ataruka kwingine?"

"Kwingine wapi? Kule juu ni mawe ya volkano, hakuna majani ya kuoza, hakuna mududu. Katikati ya musitu mukubwa napo ni giza kwake. Anataka kichaka kizito karibu na maji, na tundu la chini, wakati wa mvua. Toka ziwani mupaka Rutshuru, utamusikia penye vichaka kama hivi. Pasipo kichaka anaweza kupita akiimba, lakini hawezi kuzaa."

Nikalia, mwanangu. Mimi niliyejua uchungu wa kukimbia!

Muzee akaniacha nilie kidogo, kisha akaniambia nilete kamba. Tukayakusanya matawi niliyoyakata, tukayaegemeza kuzunguka kisiki na kuyafunga. Siku nzima ndege hakurudi. Sikuweza kula. Nilikuwa nachungulia dirishani kila mara, hadi mama akaniambia nitamaliza macho.

Kesho yake muzee akaniita kwa kunong'ona: "Kuja, angalia polepole."

Alikuwa amelalia mayai! Dume akaimba juu ya paa, naye jike akamjibu kutoka ndani ya majani. Niliruka kwa furaha, nikagonga kichwa mlangoni, na muzee akacheka hadi akakaa chini.

Wiki chache baadaye makinda yakawa tayari kutoka kwenye tundu. Wakimbizi wenzetu wa parseli za jirani walikuja kutazama. La kwanza likaruka, la pili likafuata. La tatu likasita ukingoni, likaanguka kwenye majani, likainuka, likafika kwenye tawi. Mama yangu, ambaye hakuwa amecheka tangu Kiwanja, alipiga vigelegele, na wamama wote wakamwitikia.

Basi shika haya, mwanangu. Kabla ya kukata, chungulia kwanza ujue nani anakaa pale. Usifikiri kwamba kwa kuwa kiumbe anaweza kuondoka, basi ana pa kwenda. Na ukikosea, usibaki umeinamisha kichwa: tafuta kamba, tengeneza unachoweza siku ileile. Mimi nilisamehewa nikiwa na kazi mikononi, na hiyo ndiyo iliyonirudishia moyo.

Mungu akupe usingizi usiovunjwa na risasi. Akupe majirani wema, watoto wenye kelele, na uzee wa kucheka. Enda na amani, mwanangu.