Noti Iliyotangulia Nyumbani

Pale mashineni walimwita Mama Unga, maana kufikia saa nne asubuhi hata nyusi zake zilikuwa nyeupe. Alikuwa akiwasagia watu mahindi tangu ana mimba ya binti yake. Kila noti iliyomfikia mkononi aliipuliza unga, akaisoma namba, akaiandika daftarini, ndipo akaitoa tena kama chenji. Hakuwa peke yake. Walikuwa watu kumi na mmoja wa miji mbalimbali, wakitumiana namba kwa simu ili wajue noti fulani imetembea wapi na wapi. Wenyewe walijiita wasomaji. Sheria yao ilikuwa moja tu: noti ukishaiandika, iache iende zake.

"Wenzako wanasoma magazeti," mama mkwe wake alimtania. "Wewe unasoma hela, tena si zako."

"Magazeti yanaongopa, mama. Namba haijui kuongopa."

Miaka miwili nyuma, mumewe alipoondoka kwenda kupakia malori, Mama Unga alimpa noti moja ya njiani, lakini akaiandika kwanza. Mume akacheka. "Unaniandika mimi au noti?" Akaondoka na ndala miguuni. Viatu vyake vya ngozi alivirudisha kwenye boksi chini ya kitanda, akisema viatu vizuri havipandi lori.

Tangu siku hiyo, kimya. Hata simu yake haikuita tena.

Sasa mama mkwe alikuwa amechoka. "Jumapili tumlilie mwanangu, tugawe nguo zake, yaishe. Kungoja huku ni kuchokoa kidonda kila siku."

"Na kama yu hai?"

"Basi atakuja kutucheka. Nani amekwambia sitaki kuchekwa?"

 Mama Unga aliona kumlilia mtu aliye hai ni kumfungia mlango, na mlango huo hakutaka ufungwe kwa mkono wake.

Jumatatu ya wiki hiyohiyo namba ya noti ya mumewe ikatokea. Aliituma muuza maziwa wa mji wa mbali, mmoja wa wasomaji, katikati ya namba nyingine kama vile si kitu. Mama Unga akakaa juu ya gunia. Akamuuliza ni nani aliyempa. Mwanamume mrefu, muuza maziwa akajibu, ana kovu kidevuni. Ndivyo alivyokuwa mumewe. Kanunua maziwa, kayaacha mezani hakuyaonja.

Jumanne ikasomwa na mkata tiketi, mji wa huku karibu. Mwanamume mrefu, kovu kidevuni. Muuza maziwa akashangaa kwenye simu: noti ile yeye alikuwa ameshamrudishia chenji mwanamke mmoja wa jirani yake. Imerudije kwa yule yule? 

Jumatano ilimfikia fundi viatu wa stendi, naye msomaji, mwendo wa nusu saa kutoka mashineni. Hapo ndipo Mama Unga alipoivunja sheria. "Ishike hiyohiyo," aliandika. "Nakuja."

Fundi viatu akamkabidhi noti kutoka kwenye kopo la misumari. Ilikuwa ya baridi, ingawa jua lilikuwa utosini.

"Huyo mtu wako hana maneno, dada. Kaniachia viatu nitie soli, kalipa kabisa, kasema atavipitia."

"Viatu gani?"

Akamwonyesha. Vya ngozi, vyeusi. Cha kushoto kilikuwa na uzi wa buluu kisiginoni, na ule uzi aliushona Mama Unga kwa mkono wake.

Alirudi mbio. Binti alikuwa amelala usingizi wa mchana, mdomo wazi. Mama Unga akapiga magoti, akalivuta boksi kutoka chini ya kitanda. Ndani yalikuwamo magazeti aliyoyashindilia viatuni, bado yana umbo la vidole. Viatu havimo.

"Mama, umevitoa viatu vya mwanao?"

"Jana asubuhi nimevipangusa vumbi kwa mkono huu. Na kutwa nzima, jana na leo, nimekaa mlangoni nachambua maharage. Labda kama wameniruka kichwa."

Mama Unga akamweleza yote. Yule mama aliyekuwa akitaka kilio akainuka, uso umemkunjuka. "Basi yu hai. Jumapili hatulii mtu hapa."

Mama Unga alikuwa akimtazama binti yake aliyelala. "Mama, mtu hai aingie humu, ainame chini ya kitanda alicholalia binti yake, kisha atoke bila hata kumgusa nywele?"

Mama mkwe akakaa tena, polepole.

"Huyo hajarudi kwetu," Mama Unga alisema. "Huyo anafungasha. Ni mimi niliyemshikia noti yake ya njiani."

Kesho yake mteja wa kwanza alirudishiwa chenji kwa noti ile. Haikuandikwa.

Jumapili wakamlilia. Mama Unga alilia sauti ambayo miaka miwili aliimeza. Watu walipoanza kupungua, fundi viatu alisogea kando ya mlango, kofia mkononi, akamnong'oneza.

"Vimechukuliwa, dada. Asubuhi hii."

"Alisema neno?"

"Aliuliza kama soli itafika mbali."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia itafika."