Miti ya Vinkubala

Mwanangu, iko siku moja ambayo nikiikumbuka hadi leo nainamisha uso. Nilikuwa kijana hapa Elisabethville, nachochea makaa kwenye nyumba ya umeme. Makaa yalitoka mbali, kusini, kwa treni. Tuliyachoma sisi, taa zikawaka kwa wazungu. Mitaani kwetu tulilala na vibatari. Lakini majivuno yangu! Nikishika koleo nilijiona ndiye ninayechomoza jua.

Msimu mmoja mvua ziliharibu reli huko kusini, treni zikakoma. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Bwana mkubwa akaagiza kuni, akauliza nani anajua penye miti migumu, inayowaka muda mrefu. Hakunitaja mimi, mwanangu. Nilinyoosha mkono mwenyewe.

Nikawapeleka wakata kuni kwenye msitu wa kijiji cha shangazi yangu, aliyenilea. Miti ile haikatwi. Ndiyo inayozaa vinkubala, viwavi vyetu tunavyovikausha vikatulisha miezi ya njaa, na mkuu wa kijiji hukataza hata kuvunja tawi mpaka atangaze siku ya kuvuna. Nilijua yote hayo. Nilijiambia tu kwamba msitu ni mkubwa. Shoka zikaingia, taa zikawaka, nami nikapewa shati jipya.

Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, nilikwenda kumsalimu shangazi nimevaa shati langu. Nikamkuta na wanawake wenzake wamerudi kutoka msituni, vikapu vitupu. Hakupaza sauti.

"Ni weye njo ulibaonyesha miti?"

"Njo mimi, mama."

"Sasa batoto batakula nini? Taa ya bazungu?"

Akaingia ndani, akatoka na bukari, ugali wetu, na kibakuli cha vinkubala vya mwaka uliopita, vya mwisho. Mgeni lazima ale. Watoto wake wamesimama wananitazama. Kukataa kungekuwa kumtukana, basi nilikula. Niliona aibu, mwanangu, na mpaka leo haijanitoka. Majuto ni mjukuu.

Leo umenijia na furaha: umepewa kulinda injini ya mafuta inayowasha taa za kiwandani. Nafurahi nawe, sikukatazi. Kazi ni kazi. Ila mafuta hayo nayo ni ya watu, tena yanatoka mbali kuliko makaa yetu. Siku yatakapokosekana watatafuta kitu cha kuchoma, na watauliza nani anajua kilipo. Usinyooshe mkono upesi. Uliza kwanza hicho kinachokwenda motoni ni chakula cha nani, na ukishajua, sema, hata wakikunyima shati.

Nenda, Mungu akupe mwanga nyumbani mwako, na kila utakapokwenda kumsalimu shangazi yako, umtazame usoni.