Vifaranga wa Kanga na Drinka Nyekundu

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, hapa hapa Segese, vifaranga wangu wa kanga waligoma kunywa maji huku nikiwaangalia, na mimi sikujua la kufanya. Usicheke nikikuita mwanangu. Najua nimekuzidi miaka michache tu, lakini mama yako ni dada yangu, kwa hiyo mimi ni mama yako mdogo, upende usipende. Nimesikia tangu ununuliwe tranka la kwenda nalo bwenini huli vizuri. Mimi si msemaji, nikisimama mbele ya mtu ulimi unakauka, ndiyo maana nakuandikia.

Nilikuwa kidato cha pili. Bibi alikuwa ameatamisha mayai ya kanga kwa kuku, akaniambia vifaranga wakitoka salama ni wangu. Walitoka. Sikuwahi kuwa na kitu changu mwenyewe, nikawa nawaza juu yao hata darasani. Kabla hawajaota manyoya ya maana, kicheche akamuua yule kuku. Nikawahamishia kwenye boksi jikoni. Bakuli la maji walikuwa wanaliingia na kulowa, na mama wa kuwafunika hawana tena, basi Bibi akanunua drinka, chombo cha kunyweshea vifaranga, ya plastiki, nyekundu, ile yenye ukingo mwembamba wa maji.

Mwanangu, waliiona kama nyoka. Mmoja akapiga ukelele, wote wakarundikana kwenye kona. Nje lori la mawe likapita kuelekea kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, wakapiga kelele upya. Nilimshika mmoja nikamchovya mdomo majini, akapaliwa, nikaogopa kuendelea. Jua lilikuwa kali na midomo yao ilikuwa wazi.

Nikafikiri kama ninavyofikiri siku zote: kinachotisha ni wenzako. Nikawatenganisha, nikawa namweka mmoja mmoja peke yake na ile drinka. Ikawa vibaya zaidi. Aliye peke yake hakuisogelea hata kidogo, alisimama tu macho nusu wazi, analia akiwaita wengine. Kufika alasiri mmoja alikuwa amelala ubavu, miguu imenyooka.

Bibi akanikuta nimeshikilia boksi.

"Wewe, nani kakwambia kifaranga anapenda kujifungia chumbani kama wewe? Warudishe pamoja!"

Nikawarudisha. Joto la wenzao liliwatuliza kidogo, lakini ikawa ukelele wa mmoja, mbio za wote.

Mama Shija, jirani yetu muuza uji, alikuja kuomba moto. Akachungulia boksi, akaguna.

"Mmekusanya waoga watupu humu. Nani atamwambia mwenzake twende?"

"Basi ingia wewe ukawaambie," Bibi akamjibu.

Mama Shija alicheka, akaenda kwake, akarudi na kifaranga wa kuku, wa kishingo, wale wenye shingo isiyo na manyoya, mkubwa kidogo kuliko wangu na mbaya wa sura kweli kweli.

"Huyu hana adabu. Mwacheni tu."

Alipomtia kwenye boksi, yule kishingo akawakanyaga wenyeji wake, akaenda moja kwa moja kwenye drinka, akanywa, akainua kichwa, akanywa tena. Boksi zima likawa kimya. Kifaranga mmoja akanyoosha shingo, akagusa maji, akakimbia, akarudi. Akafuata mwingine. Mwisho ukingo wote ukajaa vichwa. Aliyekuwa akipiga kelele kuliko wote alikunywa wa mwisho, amebanwa katikati ya wenzake. Yule aliyelala ubavu hakuamka. Nilienda kulia chooni ili Bibi asinione.

Sasa nisikilize. Utakapofika bwenini, kila kitu kitakuwa kigeni: kengele, uji wao, sauti za wasichana usiowajua. Usifanye kama mimi nilivyofanya kidato cha kwanza katika shule yetu ya kutwa, nikila nimegeukia ukuta. Upweke hauondoi hofu, unaifungia ndani pamoja na wewe. Lakini pia usijikunyate na kundi la wanaolia usiku na mchana kwamba shule hii itatuua, maana utaamini. Tafuta mmoja aliyetulia. Si lazima awe mkubwa wala mzuri wala wa kwanza darasani. Kaa karibu naye, tazama anavyofanya, fanya. Ukirudi nyuma mara ya kwanza si aibu, jaribu tena. Na ikitokea siku umezoea, simama mahali mgeni anaweza kukuona.

Hata mimi bado naogopa, nisikudanganye. Mtihani wa kidato cha nne unakuja na usingizi wangu si mzuri.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe jirani wa kitanda mwenye moyo mtulivu, chakula kikae tumboni, na jina lako liitwe kwa upendo na watu ambao leo hawakujui.