Aliyesema Yuko Chumba cha Pampu

Kituoni walimwita Honi, na jina hilo hakulipata bure. Mwanamke huyo alikuwa na sauti ya kupasua kuta. Akiagiza mpira wa maji wakati wa mazoezi, majirani wa nyuma ya kituo walijua ni mpira upi unaotakiwa. Wenzake wa zimamoto walimtania kwamba yeye redio ya nini, si afungue mdomo tu. Honi alicheka nao, maana ulikuwa utani wa watu wanaopendana.

Kituo hicho kilikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyefundishwa darasani. Mtu akisema kwenye redio kwamba yuko mahali fulani, humuulizi mara ya pili. Unamfuata hapo hapo aliposema. Ndani ya moshi huoni hata kiganja chako, kwa hiyo neno la mwenzako ndiyo macho yako. Hata wale waliodanganyana mchana kutwa kuhusu zamu na wapenzi wao, wakishika redio walikuwa watakatifu.

Shemeji yake, mume wa mdogo wake, alikulia kwenye desturi hiyo. Honi ndiye aliyemwingiza kikosini, tena ndiye aliyemkutanisha na mdogo wake. Goti lilipomsumbua, shemeji aliacha kuzima moto akaanza kazi ya kufunga antena ndani ya majengo makubwa, zile zinazopitisha sauti za redio za waokoaji mahali ambapo zege na vyuma vinazimeza. Honi alivimba kichwa. Alimwambia kila aliyetaka kusikia, na wasiotaka pia, kwamba sasa kikosi kina mtu wake.

Jengo jipya la maduka lilipokamilika, antena zilifungwa na shemeji. Siku ya kupima, yeye alikuwa ndani na Honi alisimama barabarani kwa niaba ya kikosi. Shemeji alianzia ghorofa za juu, akawa anashuka na kuita, Honi anajibu. Mwishowe redio ikasema, "Shemeji, niko chumba cha pampu, chini kabisa. Unanipata?"

"Nakupata vizuri mno! Kama uko mfukoni mwangu."

Akalipitisha jengo, wakaenda kunywa chai.

Moto ulipozuka kwenye maegesho ya chini ya jengo hilo, Honi aliingia na Babu. Babu hakuwa mzee. Mvi zilimwota mapema tu, jina likamganda. Walianza kazi pamoja, na kwa miaka yote hiyo kila mmoja alimlinda mwenzake. Walitumwa chumba cha pampu kufungua maji. Walipofika mlangoni, chuma cha darini kikaporomoka, kikambana Babu miguu na kuipasua barakoa yake ya kupumulia. Honi alivuta mpaka mikono ikafa ganzi. Chuma hakikutikisika.

Akashika redio. "Niko chumba cha pampu! Mwenzangu amebanwa, leteni watu!"

Kimya. Aliita tena, akaita tena na tena, kwa sauti ile iliyoamsha mtaa, lakini redio haina habari na ukubwa wa koo la mtu. Babu alikuwa anakohoa, kisha akaacha kukohoa. Honi akamwinamia sikioni, akamwambia anakwenda kuita watu na anarudi sasa hivi. Akamwacha. Alikimbia gizani akipapasa ukuta, na alipofika kwenye mteremko wa kuingilia magari ndipo redio ilipozinduka. Wenzake walirudi naye mbio, wakamtoa Babu akiwa hai, lakini mapafu yake yalikuwa yameshaharibika. Kazi yake ya moto ikaishia hapo.

Hospitalini Babu alimgeuzia kisogo, akatazama ukuta. Aliporudi nyumbani, kila Honi alipokwenda kumwona, mke wa Babu alitoka mlangoni na kusema amelala. Mtu gani huyo wa kulala asubuhi, mchana na jioni? Honi alijipa moyo kwamba ni maumivu, akaendelea kwenda.

Jengo lilipokarabatiwa, antena zikiwa zile zile kwa kuwa moto haukuzigusa, mkuu wa kituo alimtuma Honi akalikague. Alipotaka kuingia chumba cha pampu, msimamizi wa jengo alitoa ufunguo, akasema kama mtu anayepiga soga tu, "Afadhali leo ufunguo upo. Siku ile mnapima redio, fundi wa pampu alikuwa ameondoka nao. Shemeji yako alisimama pale kwenye mteremko, nikamletea kiti."

Honi aliomba arudie. Msimamizi akarudia, akaonyesha na mahali pa kiti.

Alikwenda moja kwa moja kwa shemeji, akamkuta uani anakunja nyaya.

"Siku ya kupima ulikuwa wapi?"

Shemeji hakujifanya haelewi. Aliketi chini. "Mlango ulikuwa umefungwa, na jengo lilitakiwa kufunguliwa kesho yake. Nilijua itashika tu, shemeji. Popote nilipofunga ilikuwa inashika."

"Ukaniambia uko chumba cha pampu."

"Nilijua hutaniuliza."

Maneno hayo yalimchoma Honi kuliko mengine yote. Mtu wake alichukua kitu kilichowaweka wote hai, akakifanya njia ya mkato. Alitamani kumpiga. Shemeji akaanza kulia, akamwomba asimseme, si kwa ajili yake, kwa ajili ya mdogo wake aliyekuwa ndani anaimba huku anafua. Honi akamsikia mdogo wake anaimba, hasira zikamlegea. Akaondoka akiwa amekubali nusu. Angemwambia Babu kwamba antena zilikuwa mbovu, yaishe.

Safari hii alimkuta Babu mwenyewe barazani.

"Umekuja kunieleza nini?" Babu alisema, akivuta pumzi kila baada ya maneno machache. "Shemeji yako alishanieleza. Alikuja hospitali mwanzoni kabisa, akalia mbele yangu. Akasema redio inashika mpaka chini, alipima mwenyewe. Kwamba hukuita. Ulishikwa na hofu, ukakimbia."

"Na wewe ukamwamini?"

"Alisema alikuwa chumba cha pampu. Ningemuulizaje? Lakini sikumwambia mtu. Nilikufichia aibu."

Kumbe yale machozi ya uani yalikuwa yameshatumika mahali pengine. Wakati Honi anajiuliza amemkosea nini Babu, shemeji alikuwa anakuja nyumbani kwa Honi kila wiki, anakula mezani pake na kumpa pole.

"Inuka," alisema. "Twende."

Walikwenda polepole hadi kwenye jengo la maduka, Babu akipumzika kila kona. Msimamizi akamtolea Babu kiti barabarani. Honi akampa redio moja, akachukua nyingine, akashuka peke yake, akaomba milango yote ifungwe nyuma yake. Akaingia chumba cha pampu.

"Babu, niko chumba cha pampu. Babu, niko hapa, nijibu." Aliita kwa sauti ya kawaida, akaita kwa sauti yake yote, akaita mpaka koo likawasha na machozi yakachanganyika na jasho. Hakuna aliyejibu.

Alipopanda juu, alimkuta Babu amebana redio sikioni kwa mikono miwili, amefumba macho. Akayafumbua.

"Mbona umerudi?" aliuliza. "Si uanze kuita."

Babu akaitazama ile redio, akamtazama Honi, shati limelowa, mishipa ya shingo imesimama. Akaishusha redio mapajani.

"Nilikuwa nimekulaani," alisema. "Kila siku, nikiamka."

"Najua."

"Nipeleke kwa mkuu wa kituo. Nitamtaja mimi."

"Hapana," Honi alisema. "Ni shemeji yangu. Nitamtaja mimi."

Simu yake ikaanza kuita. Alikuwa mdogo wake. Honi aliizima, akamshika Babu mkono wakaondoka.