Nywele za Ng'ambo

Harufu ya nywele zinazoungua haijanitoka puani hadi leo. Wenzangu wakizungumzia utoto wao hutaja mvua, au maandazi ya shangazi zao, mimi hukumbuka chanuo la chuma lililopashwa moto juu ya makaa, mafuta yakichirizika, kisha ule moshi mwembamba uliomfanya kila mteja wa mama yangu kushtuka na kuuliza, "Umenichoma?" Mama alikuwa msusi. Hakuwa na saluni wala kioo cha maana. Alikuwa na kigoda, mkeka, mbabula, yaani jiko la makaa, na ua wetu wa Majengo, mjini Goma, uliozungushiwa mawe meusi ya volkano, ambako mtoto akianguka lazima achubuke goti. Wanawake walianza kuingia asubuhi. Waliketi chini, katikati ya magoti ya Mama, wakainamisha vichwa na kumwaga yote waliyoyameza wiki nzima. Msimu ninaousema ulikuwa wa vita, na habari zilikuwa hazikai mahali pamoja. Barabara ya Sake imefungwa. Hapana, imefunguliwa. Imefungwa tena. Watu walishuka kutoka milimani na magodoro kichwani, na kila mteja alikuja na uvumi wake, tena kwa kiapo. Mimi nilitumwa huku na huku: leta uzi, puliza moto, ondoka hapa, rudi. Sikuwa mtoto wa kutulia, na hata ningetaka, sijui ningetulia wapi.

Nywele zangu zilikuwa kipilipili. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa neno hilo. Linajulikana kila pembe, na linajulikana pia namna linavyotamkwa na watu wanaojiona wana nywele bora. Ni zile nywele fupi zinazojikunja punje punje, zinazogomea chanuo. Mama alinipakata kila Jumapili, akazamisha vidole kichwani mwangu na kuimba, "Kipilipili yangu, kipilipili yangu," nami nilijisikia mtoto anayependwa kuliko wote mjini. Basi siku moja jirani yetu Mama Chance, ambaye nywele zake alikuwa amezinyoosha kwa dawa mpaka zikalala kabisa, alikuja kunywa chai uani kwetu, akanitazama na kusema kipilipili ya mtoto huyu itavunja machanuo yote ya Goma. Neno lilelile, lakini masikio yangu yaliwaka. Mama hakuinua hata kichwa.

"Mama Chance," akasema, "ile neno, mutu mwenye mukono iko ndani ya nywele ndiye anaweza kuisema. Weye mukono yako iko kwa chai."

Wanawake walicheka hadi mmoja akapaliwa. Tangu siku hiyo ikawa sheria ya ua wetu. Ukitaka kuitukana au kuitania nywele ya mtu, tia mkono kwanza, usuke, uchoke vidole, ndipo useme. Niliipenda sana sheria hiyo. Niliamini kwamba Mama amemaliza maneno yote ya dunia kuhusu nywele.

Kisha akaja Espe. Jina lake kamili lilikuwa Espérance, mtoto wa mama yangu mdogo, kutoka milima ya Masisi ambako baba yake alichunga ng'ombe. Kwa desturi yetu huyo si binamu, ni dada yangu. Alishuka na watu waliokuwa wakikimbia, wazazi wake wakabaki nyuma wakisema watafuata, nasi tukalala kitanda kimoja, yeye akipiga mateke usingizini. Mimi na Espe tulikuwa na bibi mmoja, tulisali kanisa moja, na nyumbani tulizungumza Kinyarwanda kilekile tulichonyonya. Tofauti yetu ilikuwa kichwani. Yeye alichukua nywele za baba yake, laini, ndefu, zile ambazo wazee wetu huziita irende, zinazoteleza mkononi kama maji ya sabuni. Wateja wa Mama walizishika bila kuomba. Walizivuta, wakazinusa, wakasema Mungu ana upendeleo. Espe alikunja mabega na kungoja wamalize, nami niliona wivu kidogo, sitadanganya.

Ubaya wa nywele hizo ulikuwa mmoja: hazikushika msuko. Shuleni kwetu, kama shule nyingi za Kongo, wasichana wote walitakiwa kusuka mtindo mmoja, tuliouita modeli, na Jumatatu asubuhi Madamu, mwalimu wetu, alipita kati ya madawati akikagua vichwa kabla ya kukagua daftari. Jumatatu ya kwanza ya Espe, modeli ilikuwa mistari ya kurudi nyuma. Mama alimsuka vizuri Jumapili jioni. Tulipofika darasani nusu ya mistari ilikuwa imefumuka na kumwangukia usoni. Madamu alisimama juu yake, akaokota msuko mmoja kwa ncha za vidole viwili.

"Hii haiko nywele ya hapa," akasema. "Hii ni nywele ya ng'ambo. Haishike modeli." Darasa likaangua kicheko. "Jumatatu ingine ukuje na kichwa kama ya benzako, ao utabakia inje."

Labda alikuwa anatania. Nimejaribu mara nyingi kumpa nafasi hiyo na sifanikiwi. Ng'ambo, kwetu, ni upande wa pili wa mpaka, Gisenyi, Rwanda. Unafika kwa miguu kabla jasho halijakutoka. Lakini kumwambia mtu wa Goma kwamba yeye ni wa ng'ambo si kumtajia safari. Ni kumwambia kwamba kitanda anacholalia si chake, kwamba kaburi la babu yake halimhusu, na kwamba siku mambo yakiharibika aanze yeye kuondoka. Msimu ule kulikuwa na watu wazima waliosimamishwa njiani na kutazamwa pua na nywele kabla hawajaulizwa jina. Watoto walijua hayo yote. Tuliyasikia katikati ya magoti ya mama zetu. Kufikia mapumziko, Espe hakuwa na jina lingine. "Ng'ambo, pita huku! Ng'ambo, rudi kwenu!" Na jambo lililonitia wazimu ni hili: Espe alikuwa hajawahi kuvuka mpaka maishani mwake. Mimi ndiye niliyevuka na Mama kila mara kununua nyuzi, mimi niliyekuwa na Kinyarwanda cha haraka kuliko chake, na hakuna hata mmoja aliyeniambia nirudi popote. Kipilipili yangu ilikuwa imenipa uraia.

Nilipigana na wawili siku hiyo, nikararuliwa ukosi wa shati. Espe hakupigana. Aliniuliza tu njiani kama Madamu atamfukuza kweli, kwa sababu alikuwa anapenda hesabu na kwao shule ilikuwa imefungwa, na kama atabaki nje basi hajui atakuwa anafanya nini Goma. Nikamwambia Mama hashindwi na nywele yoyote. Nilisema hivyo kwa kiburi kikubwa.

Tulimsimulia Mama maneno ya Madamu, naye wiki nzima alihangaika. Alijaribu uzi mweusi, alijaribu kuchanganya na meshi, zile nywele za dukani, alijaribu nta ya mshumaa iliyonuka kichwani siku mbili. Kila msuko ulikaa kidogo, ukalegea, ukateleza. Jumapili jioni alikuwa amesuka wateja tangu alfajiri, vidole vimemvimba, na msuko wa mwisho wa Espe ulipofumuka mikononi mwake alitupa chanuo mkekani na kucheka kicheko cha uchovu.

"Ee, hii nywele ya ng'ambo itaniua, miye!"

Alisema kwa sauti ileile aliyoniimbia mimi. Nina hakika na hilo. Espe alijitoa katikati ya magoti yake na kusimama, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimetawanyika.

"Mama, na weye pia?"

"Mwanangu, ninacheza tu. Si mukono yangu iko ndani?"

"Kipilipili ni jina ya nywele," Espe akasema, akininyooshea mimi kidole. "Neema anaikalaka nayo hapa. Ile yangu ni ya kunifukuza."

Mama alinyoosha mikono yake yenye mafuta kumwelekea Espe, lakini Espe alikuwa amekwisha kutoka. Alivuka barabara hadi kwa kinyozi wa wavulana, na aliporudi kichwa chake kilikuwa kinang'aa. Mama aliketi kwenye kigoda akalia waziwazi, bila kujifunika uso. Alimwomba msamaha kwa Kinyarwanda, kwa maneno ya mtu mzima anayemwomba mtu mzima, na Espe akajibu kwamba haina shida. Ilikuwa na shida. Sote watatu tulijua.

Jumatatu Madamu alipita kati ya madawati. Aliyenyolewa hasuki, kwa hiyo hakuwa na kosa, naye alimruka bila neno. Espe alibaki darasani. Nilidhani tumeshinda, nikasubiri kengele kwa furaha, na kengele ilipolia sauti ya kwanza niliyoisikia uwanjani ilikuwa, "Ng'ambo amenyolewa!" Nywele zilikuwa zimefagiliwa sakafuni kwa kinyozi, na neno lilikuwa palepale. Liliendelea hadi mwisho wa mwaka, hata siku Madamu aliposoma matokeo na kumtaja Espe kuwa wa kwanza. Nyumbani nilimwambia Mama asiniite tena Kipilipili. Akaacha. Nililikosa jina lile vibaya sana, nikajikasirikia kwa kulikosa.

Siku hizi mimi mwenyewe ni msusi, nina chumba changu mtaa wa Katindo, chenye kioo na umeme unaokuja unapotaka. Chanuo la moto limekwisha. Wasichana wanakuja na nywele zao za asili, wanajiita napi, neno walilolipata kwenye simu, na wanaambiwa kwamba huko lilikotoka lilikuwa tusi kabla wenyewe hawajaligeuza. Wanabishana kitini nani ana ruhusa ya kusema kipilipili na nani hana. Wananiuliza mimi kama hakimu. Huwaambia sheria ya Mama, nao huipenda kama nilivyoipenda, kisha naongeza kwamba haitoshi, na hapo huniona mzee mwenye kununa. Waniwie radhi. Wao wanabishana juu ya neno linalouma. Mimi nasikia bado, sokoni, kwenye foleni ya maji, redioni, neno linalofukuza, na sasa linasemwa na watu wenye elimu, kwa sauti ya utulivu.

Espe ni mama wa watoto watatu. Bado ananyoa kichwa. Anasema ni kwa sababu ya joto, katika mji ambao jioni tunavaa sweta. Mwezi uliopita alimleta binti yake mdogo nimsuke kwa ajili ya shule. Mtoto ana nywele zilezile. Nilisuka, zikateleza, nikasuka tena, ulimi nikiwa nimeuuma. Naye, bila kugeuka, akauliza, "Mama mudogo, nywele yangu ni ya wapi? Ku masomo banasema haiko ya hapa."

"Ni ya hapa," nikasema. "Ni ya Goma. Ni ya hapa hapa!" Nilisema kwa nguvu hata nikajishtua.

Espe aliinuka kitini, akafunga mlango, akashusha na pazia la dirisha.

"Sema pole pole, Neema," akaniambia. "Batu banapita."