Raia Asiye na Baka

Tarehe 6 Agosti 2021, binti wa miezi mitatu, mtoto wa kwanza wa mhariri wa picha za harusi ambaye wateja wake wote wanamwita Sabuni, alipewa uraia wa nchi ambayo hajawahi kuikanyaga. Nchi hiyo ni ya wazazi wake. Yeye alizaliwa ugenini, baba yake alikofuata kazi, na ambako hospitali humtoa mtoto salama salimini kisha huwaachia wazazi kazi ya kumtafutia taifa.

Jina la Sabuni halikutokana na usafi wake. Ni kwamba hakuna doa linalomshinda. Bwana harusi akilowa jasho kwapani, Sabuni humkausha. Mama wa bibi harusi akinuna, Sabuni humchekesha. Aliwahi kumwondoa kabisa pichani shemeji mmoja aliyegombana na ukoo siku ya karamu, na ukoo ukashukuru, ingawa mkono wa shemeji ulibaki begani mwa shangazi, na hadi leo shangazi hajasema ni wa nani.

Ofisi yake ni kona ya sebule, kati ya friji na kitanda cha mtoto. Juu ya kompyuta imetundikwa picha ya harusi yake mwenyewe, ambayo wateja huonyeshwa kwanza kabla ya kuambiwa bei.

Mtoto alizaliwa na baka la hudhurungi chini ya jicho la kushoto, ukubwa wa kifungo cha shati. Mama yake analo shingoni. Bibi yake mzaa mama analo kwenye paji la uso. Kwa upande huo wa ukoo, mtoto akizaliwa hakuna anayeuliza kafanana na nani. Wanauliza baka limekaa wapi.

Maombi ya uraia yalikwenda ubalozini kwa posta, pamoja na picha. Masharti ya picha yalikuwa haya: nyuma kuwe kweupe, macho yawe wazi, mdomo ufungwe, na mkono wa mtu usionekane. Aliyeyaandika hajawahi kukutana na mtoto mchanga. Mkewe Sabuni alijifunika shuka jeupe akageuka ukuta, akampakata mtoto, na mumewe akapiga picha mpaka mtoto akachoka kulia. Kisha akaketi kwenye kompyuta, na mazoea yana taabu. Alifuta ute kidevuni, akanyoosha sikio, na bila kuwaza mara mbili akapitisha mkono shavuni.

Picha hiyo alimtumia pia mama mkwe, ambaye presha ya macho inamfungia dunia kidogo kidogo. Mama mkwe akapiga simu.

"Mtoto mzuri sana, mwanangu," alisema. "Wa nani?"

Sabuni alicheka, akamgeukia mkewe. "Masikini mama, macho yamekwisha."

Cheti cha uraia kilikuja kwa posta, picha hiyo imebandikwa juu yake. Ilibaki pasipoti, na kwa pasipoti mtoto lazima afike mwenyewe. Haraka ilikuwepo: daktari alimwambia bibi waziwazi kwamba macho yake hayataufikia mwaka mpya, na bibi alitaka kumwona mjukuu kabla taa haijazimika.

Ubalozini, karani wa dirishani alikitazama cheti, akamtazama mtoto, akakirudia cheti.

"Mtoto mwenyewe yuko wapi?"

"Si huyu hapa, dada."

"Huyo nimemwona. Namwuliza wa kwenye cheti."

Sabuni akakohoa. "Ni mambo ya mwanga tu, dada."

"Mwanga gani unachagua shavu? Mama analo, mtoto analo, cheti hakina. Hapo nani mwongo, serikali?"

Akaitwa afisa, mtu wa miwani yenye kamba, aliyetoka na muhuri mkononi kama mpishi na mwiko. Alilichunguza shavu. Kisha, kwa nia ya kusaidia, akalisugua kwa kidole gumba kuona kama litatoka. Halikutoka. Mtoto alipiga yowe, na wino wa muhuri ukabaki shavuni, kwa hiyo sasa alikuwa na mabaka mawili: moja la ukoo wa mama yake, jingine la serikali.

"Kisheria," alisema afisa, "mtoto wa kwenye cheti ni raia wetu halali. Huyu bado hatumjui."

"Sasa huyo raia wenu tumpate wapi tumpandishe ndege?" aliuliza mkewe Sabuni.

"Hilo, mama, liko juu ya wazazi."

"Mheshimiwa, naweza kulirudisha," Sabuni alidakia, akifungua kompyuta mpakato aliyokuja nayo. "Dakika mbili tu, hutajua kama liliwahi kutoka."

Mkewe alimtazama. Alikuwa akiikumbuka picha yao ya harusi kule nyumbani, ambamo bibi harusi ana shingo safi kama sahani mpya, na ambayo kwa miaka minne amekuwa akiipangusa vumbi.

Uamuzi ulitoka: cheti kirudishwe, baba aape mbele ya wakili kwamba aliibadili picha, maombi yaanze upya. Walipokuwa wakikusanya virago, karani aliinama dirishani, akanong'ona.

"Kaka, na hivi videvu viwili kwenye kitambulisho changu, unavitoa?"

Nyumbani, mkewe aliishusha picha ya harusi, akaiegemeza ukutani, uso ndani. Kisha akampigia mama yake kumweleza safari imesogea.

"Mimi nitasubiri," alisema bibi. "Macho sijui. Na mwambie mume wako nilimuuliza mapema."

"Anasikia, mama."

"Si anasikia tu. Aone."

Jumatano asubuhi mtoto atapigwa picha upya kwenye studio ya mtaa wa pili. Sabuni atasubiri nje, ameshika mkoba wa nepi. Baada ya hapo ataenda kwa wakili kuapa kwamba aliibadili picha na kwamba mtoto ni wake, baka na vyote, na maombi yatatumwa tena kwa posta.